Ukingo wa Tuta la Saba

Vijana wangu, mmenitaka niketi niwaandikie. Kuandika nitaandika, kuketi ndiyo shida. Tangu nistaafu binti yangu ananiuliza, "Mama, utapumzika lini?" na mimi namjibu kwamba nitapumzika siku nitakayobebwa na watu wanne. Kwa hiyo mkiona nimeanza jambo nikalikatiza, nivumilieni, nimeinuka kutazama birika.

Jina langu Zuhura. Nimezaliwa papa hapa Machakos mjini, nyuma ya msikiti, kwa baba aliyeuza iliki na mdalasini. Babu zetu walitoka pwani, ndiyo maana Kiswahili chetu huwachekesha majirani, na Kikamba chetu huwachekesha zaidi. Na kazi yangu, kuanzia miaka ya tisini mwishoni na kuendelea, ilikuwa kupima joto la gesi iliyoko baina ya galaksi. Chekeni tu. Mama yangu alicheka kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kazi ya halali.

Nitawaeleza kama nilivyomweleza yeye. Jua letu ni nyota moja katika kundi la nyota zisizohesabika. Kundi hilo zima ndilo galaksi. Galaksi nazo hukaa pamoja, nyingi, kama nyumba za kijiji. Baina ya nyumba na nyumba mtu hudhani hamna kitu. Kumbe mna gesi, nyembamba kupita kiasi, na joto lake ni digrii mamilioni kwa mamilioni. "Ukitia mkono je?" mama akauliza. Nikamwambia gesi haitakuunguza, ni nyembamba mno, ila utakuwa umekwisha kufa kwa mambo mengine. Akasema basi hiyo kazi waachiwe wenyewe.

Gesi hiyo haitulii. Vijiji viwili vya galaksi vikigongana, upande mmoja hupata moto ghafla na upande mwingine hubaki na ubaridi wake, na mahali joto linapopanda kwa ghafla panaonekana ukingo. Ukiuona ukingo umejua kuna kishindo kilichotokea. Mimi nami tangu utotoni sijui kutulia, kwa hiyo tukapatana, mimi na gesi.

Huwezi kupeleka kipimajoto huko. Tazama makaa jikoni: yakiwa mekundu unajua joto ni la kiasi, yakianza kuwa meupe unaondoa sufuria. Hukuyagusa, umeyatazama tu. Gesi ile inatoa mwanga wa eksirei, sawa na wa hospitali, na kuna vyombo vimerushwa angani kuukusanya. Chembe moja moja ya mwanga inaandikwa: imefika saa ngapi, imetoka upande gani, ina nguvu kiasi gani. Chembe zenye nguvu zikizidi, gesi ni ya moto zaidi. Kazi yetu ilikuwa kuzigawa chembe hizo kwa mahali zilikotoka na kusema: hapa moto hivi, hapa hivi.

Mtauliza ilinifikaje. Nilikuwa na duka la kupiga chapa, karibu na stendi, na kompyuta mbili. Niliandika barua za kuomba kazi, ratiba za harusi, wasifu wa marehemu. Siku moja akaingia mzee mwembamba, soksi zake hazilingani, kashika sidii tatu zimefungwa kwa mpira. Huyo ndiye Daktari Ndolo, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, kwao Mitaboni, kila Ijumaa hurudi nyumbani kutoka Nairobi.

"Mama, hii mashine yako iko na nguvu?" akaniuliza.

"Inategemea unataka ibebe nini, Daktari."

"Mbingu," akasema, bila kucheka.

Rafiki zake wa ng'ambo walimtumia vipimo kwa posta, lakini kompyuta ya idara yake ilikuwa na foleni ndefu kuliko ya kituo cha mafuta. Akaniomba niwe nikimwendeshea programu katikati ya juma. Mwanzo niligonga alichoandika kwenye karatasi, sijui hata maana. Baada ya mwaka nikawa naulizia. Baada ya miaka miwili nikawa nabishana naye. Fizikia nilikuwa nimeisoma sekondari tu na kuipenda, basi. Mengine yote nilifundishwa juu ya meza ile, mteja mmoja akinidai fotokopi na mwingine akinidai picha ya marehemu imegeuzwa.

Kosa langu la kwanza nililifanya mwezi wa kwanza wa kupima mwenyewe. Nilipima joto la wingu la gesi nikapata moto wa kutisha. Nikampigia simu Daktari kutoka kibandani, nikipiga kelele. Akaniambia twende soko la Mitaboni Jumamosi. Tukafika, akanisimamisha mbele ya mama anayeuza maharagwe. Akamwomba mama apime debe zima kwenye mizani. Kisha akamwomba amwage maharagwe yote, apime debe tupu. Mama yule akamtazama kama mtu aliyepungukiwa.

"Wewe umepima debe na maharagwe," Daktari akaniambia. "Toa debe kwanza."

Maana yake: anga lenyewe, hata pasipo na gesi, linatoa mwanga wake, na chombo chenyewe kina kelele zake. Lazima uvipime hivyo peke yake, uvitoe. Na kuna jua letu pia. Kuna wakati linarusha vichembe kwa wingi, vinapiga chombo na kujifanya mwanga wa moto mkali. Nyakati hizo unazikata na kuzitupa kabla hujaanza lolote. Ukitupa, muda wako wa kutazama unapungua, na hilo linauma, lakini kilichobaki ni safi. Shikeni hapo, vijana, maana hapo ndipo nilipokuja kuanguka.

Hapana, ngojeni kwanza niseme habari ya matuta, msije mkapotea.

Ilikuwa desturi kuligawa wingu kwa miraba kama daftari la hesabu. Mimi haikuniingia akilini. Nimekua nikitazama vilima vya Machakos, na hakuna mwenye akili huku anayelima kilima kwa miraba. Mnajua wenyewe: unachimba mtaro kuzunguka mlima, udongo unautupa juu, na tuta linafuata mwinuko, juu sawa na juu, chini sawa na chini. Nikamwambia Daktari tuligawe wingu kwa matuta, tufuate mng'ao wake: tuta la kwanza katikati penye mng'ao mkali, la pili linalizunguka, hivyo hivyo hadi la kumi na moja nje kabisa kwenye giza. Akachora mviringo kwa kidole juu ya meza. Kisha akasema, "Aiya! Mimi nimezaliwa kwa matuta na sikuona hii kitu!" Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani kama niliyechaguliwa mbunge.

Sasa ukingo.

Daktari alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Miaka yote hiyo amefundisha, na hakuna hata kipimo kimoja cha mbingu kilichotoka mkononi mwake. Wenzake walimtania chumba cha chai: Ndolo anapima galaksi na kwao maji hayafiki bombani. Yeye alitabasamu, lakini mimi nilijua linavyomchoma. Aliniambia mara moja tu, akifunga kamba za viatu ili asinitazame: "Zuhura, mimi niko na haja ya kupima kitu kimoja tu. Moja. Halafu naenda nyumbani."

Tukapata wingu moja zuri. Nikazikata nyakati za jua kuchafuka, nikachora matuta yangu kumi na moja, nikaiachia kompyuta ipime tuta kwa tuta. Kazi ya saa nyingi. Tuta la sita lilipokwisha, saa nane mchana, stima ikapotea, mji mzima bila umeme. Betri ya akiba ilikuwa imekufa zamani, nilikuwa natumia boksi lake kuegemeza mlango. Stima ikarudi baada ya saa moja, na dukani familia nzima imesimama inangoja wasifu wa babu yao. Mimi na pupa yangu! Badala ya kuanza upya, nikaiambia kompyuta iendelee kuanzia tuta la saba. Nikageuka kuchapisha wasifu. Kwa haraka ile ile nikabandika namba zangu ndani yake, ikasomeka kwamba marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye digrii milioni sitini. Mjukuu wake akaniuliza alisomea wapi.

Usiku ule ramani ya joto ikawa tayari, na asubuhi nikaiona. Baina ya tuta la sita na la saba joto limepanda ghafla. Ukingo safi, umepinda vizuri, unazunguka wingu kama ukuta. Kishindo! Daktari alipouona alikaa chini kwenye kiti cha wateja na kusema jina la Mungu kwa Kikamba, mara tatu. Tukaandika. Ikapangwa asimame Alhamisi ya mwezi uliofuata, katika ukumbi wa chuo, mbele ya wenzake wote na wageni. Kanisani kwake wakatangaziwa. Akanunua soksi.

Siku sita kabla ya siku hiyo, Ijumaa asubuhi, nilikuwa napiga chapa jedwali la vipimo ili lipendeze. Safu ya mwisho ni muda wa kutazama. Safu hiyo haina raha yoyote, namba yake ni ile ile kila tuta, unaiandika ukiwaza mengine. Tuta la kwanza hadi la sita, sawa. Tuta la saba, namba imepanda. La nane, imepanda vivyo hivyo. Hadi la kumi na moja.

Nikaacha kupiga chapa. Muda umezidi kwa sababu nyakati zile nilizozikata zimerudi. Stima ilipopotea, vipimo nilivyosafisha vilikuwa bado havijahifadhiwa. Ilipokuja, kompyuta ikaokota vile vichafu na kuendelea. Nilikuwa na daftari ninaloandika kila stima inapopotea, kwa ajili ya wateja wabishi. Nikalifungua. Mwandiko wangu mwenyewe: saa nane, stima imeenda, tuta la sita limekwisha. Ule moto haukuwa wa mbinguni. Lilikuwa jua letu, na haraka yangu.

Nilifunga duka. Nikafungua. Nikafunga tena. Nilikwenda hadi nyumbani kwa Daktari Jumamosi bila kujua nitasema nini, na huko nikakuta watu shambani. Ilikuwa mwethya, zamu ya majirani kuchimbiana matuta, leo kwako kesho kwangu. Daktari yumo mtaroni na suruali imekunjwa, anachimba. Msimamizi alikuwa jirani yake, Mama Mwikali, mwanamke mfupi mwenye sauti, kashika kamba yenye pimamaji katikati, ya kuonyesha kama tuta limelala sawa.

Kwao kuna sharti moja: aliyechimba hapimi tuta lake. Mwingine ndiye anayeshika pimamaji. Mama Mwikali akainyosha kamba kwenye kipande cha Daktari, akaangalia, akatikisa kichwa. "Daktari, hii imeteremka. Rudisha udongo."

"Mwaitu," akamwita, kama kusema mama, "ni kidogo tu."

"Maji haijui kidogo."

Daktari akacheka, akarudisha udongo, akaanza upya, mwalimu mzima wa chuo kikuu, mbele ya kina mama wote. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamshukia mtaroni nikamwambia yote, daftari nimelishika mkononi.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliendelea kuchimba, jembe moja, mbili, tatu. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Daktari."

"Zuhura..." Akaegemea jembe. Sijawahi kumwona mzee yule amezeeka hivyo. "Alhamisi ipite kwanza. Tutarekebisha pole pole. Mwana wakwa, ni siku moja tu naomba."

Siku moja tu! Mtu aliyenifundisha kutoa debe! Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumkumbatia. Mama Mwikali hakuwa amesikia habari ya galaksi, alikuwa amesikia neno kosa.

"Kama imekosewa si mubomoe?" akasema. "Nyinyi musiposema, mvua itasema."

Nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilikuwa na siku nne na stima ya mjini ilikuwa inapotea kila mchana. Nikaichukua kompyuta kwa mkokoteni na gari la mizigo hadi Kyumbi, kwa bwana mmoja mwenye kinu cha kusaga mahindi, ana jenereta ya dizeli isiyozimika tangu asubuhi mpaka jioni. Akanipa pembe moja. Nikaanza tuta la kwanza. Nisikilizeni: la kwanza, si la saba. Nikasafisha, nikahifadhi, nikatoa debe, nikapima. Unga ukashuka juu ya kompyuta, juu ya kitambaa changu, juu ya kope. Kinu kinanguruma, ardhi inatetemeka, na mimi sikai, nazunguka nje ndani, nje ndani, mpaka wenye mahindi wakadhani nimeibiwa.

Jumatano adhuhuri ikaisha. Nikamwita mwenye kinu. Nikamwambia, fizikia huijui, lakini namba unazijua. Nisomee safu hii ya mwisho kwa sauti. Akasoma, tuta kwa tuta, kidole kikifuata. "Zote ni moja, mama," akasema. "Kuna shida?"

Hakukuwa na shida. Hakukuwa na ukingo pia. Joto lilikuwa karibu sawa toka mwanzo hadi mwisho, ila pale katikati palipokuwa na ubaridi kidogo. Ramani butu, haina la kumsisimua mtu. Nikampelekea Daktari chuoni Nairobi jioni, ndani ya bahasha. Akaipokea akaitia kwapani bila kuifungua. Akasema, "Tuonane kesho," akaenda.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa mstari wa nyuma, nikatoka, nikarudi, nikatoka. Mlinzi akaniuliza kama naumwa tumbo. Nilikuwa naomba dua na sijui naomba nini: akisema, ameaibika na miezi mitatu imebaki, asiposema, nitakuwa nimempoteza mwalimu wangu naye yuko hai.

Akasimama, soksi zinalingana. Akaonyesha ramani ya kwanza, ile yenye ukingo. Watu wakaguna kwa mshangao, mgeni mmoja akainuka kidogo kitini. Daktari akaunyooshea ukingo kijiti chake. Akakishusha. Nami nikashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Huu ukingo," akasema, "haupo mbinguni. Uko Machakos, karibu na stendi. Ni mahali stima ilipotea."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na kicheko cha wale wa chumba cha chai kilikuwa na meno. Akawaacha wacheke hadi mwisho. Akaeleza kosa lote, hatua kwa hatua, akasema aliyeligundua ni Zuhura wa duka la kupiga chapa, yule pale anayesimama simama. Kisha akafungua bahasha, mbele yao, ndipo nikajua kwamba alikuwa hajaitazama. Akaiweka ramani ya pili. Mgeni akauliza, kwa adabu, basi kilichobaki ni nini.

"Hii," Daktari akasema. "Hii ndiyo tuko nayo."

Baadaye alinikuta nje kwenye ngazi, nazunguka. Wenzake walipita wakimpiga bega, wengine kwa upendo, wengine kwa dhihaka. Akangoja wapite wote.

"Zuhura, hii ya pili. Umeanza wapi?"

"Tuta la kwanza, Daktari. Mpaka la kumi na moja."

"Nani alishika pimamaji?"

"Mwenye kinu wa Kyumbi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akaitazama ile karatasi, bado ilikuwa na unga kwenye pembe. "Kwa hivyo wingu ya mbali namna hii," akasema, "joto yake ni hii. Kweli kweli ni hii."

"Ni hiyo."

"Basi nimepima," akasema, na akalia. Nawaambia wazi, alilia, mzee wa watu, amesimama kwenye ngazi na bahasha mkononi, na mimi kwa mara ya kwanza siku nyingi nikakaa chini.

Alistaafu miezi mitatu baadaye, akarudi kwa matuta yake. Ilipofika zamu yake ya kushika pimamaji, Mama Mwikali alinipasha habari kwamba hakuna aliyeweza kumhonga hata kwa uji.

Birika limechemka, naondoka. Stima ikipotea mkiwa kazini, msilaani mtu. Ikirudi, anzeni tuta la kwanza.